Chuya za Nisubiri

Mimi sikai. Nikikaa mahali pamoja muda wa kumaliza karanga za mkononi, kuna kitu kinaanza kutambaa chini ya ngozi, kama punje iliyopotea inayotafuta tundu la kutokea, na hapo nainuka. Nakwenda mpaka kwenye kinu, nakipiga kofi kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni, narudi. Bibi yenu, Binti Kisoma, anasema mama yangu alinizalia juu ya siafu. Labda. Mama yangu hayupo tumuulize. Nakaa tena kizingitini, nainuka tena, nauliza swali langu, hakuna anayejibu, naliuliza upya kwa sababu labda mara ya kwanza sikulipanga vizuri. Shule mimi niliichungulia dirishani tu, mnanijua.

Swali ndilo hili: kitu kikibadilishwa ili kisife, kile kilichopona ni nani?

Ngoja, ngoja. Nimelishika mkiani. Acha nirudi kichwani.

Sisi watu wa Bonde kitu kimoja tunakiita majina matatu. Kikiwa shambani, au kikiwa ghalani lakini bado kimevaa ganda lake, ni mpunga. Tukikitwanga kikavuliwa ganda, ni mchele. Kikiiva chunguni, ni wali. Nani hajui? Mtoto anayetambaa anajua. Lakini mimi nimeyazunguka majina haya matatu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka zimepepetwa zikaisha, na nimeona jambo moja linaloninyima usingizi. Mpunga unaweza kwenda kuwa mchele. Mchele hauwezi kurudi kuwa mpunga. Mpunga ukiumwagia maji unaamka, unanyoosha mguu mweupe, unauliza ardhi iko wapi. Mchele ukiumwagia maji unavimba, halafu unanuka. Basi kumbe kuna majina ya kwenda na kurudi, na kuna majina ya kwenda tu. Nikifika hapo kwenye kuwaza, najishika mkono, najipapasa, natafuta ganda langu. Niambieni nyie wenye macho mazima, mimi bado ni mpunga au nimeshatwangwa?

Bonde letu lilikuwa na jina, mafuriko yakalichukua. Huko kwetu jana na kesho zinalala kitanda kimoja, na kuna asubuhi unafungua mlango unakuta iliyowahi kuamka ni kesho. Hatushangai. Ukiitwa jina lako, wanageuka watu wawili. Mimi naitwa Chitanda, na babu yangu aliitwa Chitanda, kwa sababu kwetu mtoto hapewi jina la mzazi wake, jina linaruka linamwangukia mjukuu. Na jina haliji peke yake. Mimi nina kikohozi, khe, khe-khe, hivi, na bibi mmoja aliyekuwa mkongwe nilipokuwa kijana alikisikia akaacha kusuka mkeka wake akasema, "Nani amemfufua Chitanda?" Baba yangu hakuwa nacho kikohozi hicho. Alikohoa kama watu wengine. Kilipita ndani yake kimya kimya kama mgeni anayepita uani, kikaja kutokea kwangu. Sasa nikikohoa sijui anayekohoa ni nani.

Na mpunga wetu uliitwa Nisubiri.

Wanasema hapo kale, kabla watu hawajajua kungoja, mpunga haukumngoja mtu. Uliota majini wenyewe, na siku ya kuiva unapukutika wote, tifu, punje zote matopeni, na wewe ukifika na kisu chako unakuta masuke yamebaki mifupa. Ndivyo ulivyotaka. Ulikuwa huru na hatukuwa na haja nao sana. Halafu likatokea suke moja lililosahau kupukutika. Kilema. Ndugu zake wote wameanguka, wanaota, lenyewe linaning'inia pale limeinamisha kichwa kama mtoto aliyesahauliwa sokoni. Mwanamke akapita, akalikata, akaenda kulipanda, na watoto wa suke hilo wote wakazaliwa na kilema hichohicho. Wakamsubiri. Akauita Nisubiri. Kwa hiyo chakula chetu chote kilianzia kwa aliyeharibika. Na ulikuwa unanukia, jamani! Ukipikwa nyumba ya mwisho kule mtoni, mgonjwa wa nyumba ya kwanza anajikongoja kukaa.

Halafu ukaja kimyanga.

Kimyanga ni ugonjwa wa mpunga. Jani linaanza kugeuka njano kwa michirizi, kama limeandikwa na mtu mwenye haraka, mche unadumaa, suke likitoka limejaa upepo. Msimu ule majaruba yote ya Bonde yalikuwa njano. Ukitazama kutoka juu ungedhani jua limemwagika. Hatukuvuna. Tulichobaki nacho ni mbegu tu, kila nyumba na kibuyu chake cha Nisubiri juu ya uchaga, pale moshi wa jikoni unapofukuza wadudu. Tukaacha kulala vizuri. Tukipanda, kimyanga kitakula. Tusipopanda, mbegu itazeeka, nayo mbegu ikizeeka sana haiamki. Nilizunguka kinu changu mpaka nikachimba njia.

Huko juu mlimani kulikuwa na Nyumba ya Baridi. Ni nyumba isiyo na msimu, ndani yake mbegu za dunia zinalala kwenye ubaridi zisizeeke. Mjukuu wangu Sijaona alikuwa anafanya kazi huko, kazi ya kuoza mipunga. Nasema kuoza kwa maana ya kufungisha ndoa, msinielewe vibaya. Kule wana mpunga mmoja uliotoka mbali, kimyanga hakiugusi, jina hauna, wanauita kwa namba. Ukiupika haunukii chochote, ni kama kula mvua. Sijaona alitaka Nisubiri aolewe na huyo Namba, watoto wapate nguvu ya baba. Akamtuma mjumbe ashuke Bondeni kuomba mbegu.

Mjumbe alikuwa kijana wa mjini, anaitwa Gaudensi, viatu vinang'aa, kipaza sauti begani. Akasimama penye tope, akajaribu kutokanyaga tope, akasema:

"Wananchi wa Bonde! Kila nyumba ilete mchele wake wa asili! Mchele wa Nisubiri! Nyumba ya Baridi itautunza na itauoza!"

"Kuuoza kwa mume, au kuoza kwa kuvunda?" Binti Kisoma akauliza. Watu wakacheka.

Mimi mguu ulikuwa umeanza kuniwasha. Nikasema, "Kijana, umesema mchele. Mchele, au mpunga?"

"Mchele, mzee! Mchele! Kwani wewe hujui mchele?"

Hapo ndipo walipocheka kweli. "Chitanda hajui mchele! Na tumbo lile lote alilijaza nini?" Mimi mwenyewe nilicheka, maana ilichekesha. Lakini mguu haukucheka.

Nimekaa na jambo hili, yaani nimelisimamia, kwa sababu sikai, na naona hivi. Mwenye kipaza sauti neno lake linafika kwako kabla hujafika mwenyewe. Ukija kulifikiria, tayari uko kazini. Halafu kuna heshima. Kwetu mgeni humpi mpunga. Ukimpa mtu kitu chenye ganda ni kama umemwambia katwange mwenyewe. Mgeni anapewa mchele, uliopepetwa, uliochaguliwa, mweupe kama meno ya mchumba. Kwa hiyo akina mama wa Bonde walishusha vibuyu kutoka uchagani, na kwa heshima yao yote, kwa upendo wao wote, wakatia mbegu ya mwisho ya Nisubiri vinuni.

Kinu kimoja kikaanza, cha pili kikaitika. Bonde zima likawa linadunda, tu-tu, tu-tu, mpaka maji ya mtoni yakatetemeka kama uso wa mtu anayetaka kulia. Nilizunguka nyumba hadi nyumba, sijui natafuta nini. Na katikati ya mdundo nikasikia, msinicheke, nikasikia inasema punje.

Nilikungoja.

Ndugu zangu walianguka walipotaka. Mimi nilikungoja.

Uliniambia nisiote kabla ya mvua, nikalala. Uliniambia ninukie, nikanukia. Ulinivua ganda mara nyingi ukanila, sikusema kitu, kwa sababu kila mara uliacha wachache wetu wamevaa.

Leo mbona unatuvua wote?

Leo nani atabaki amevaa?

Nikamwambia jirani, "Umesikia?" Akasema, "Nimesikia, Mzee Chitanda. Watu wanatwanga."

Gaudensi akapokea. Kila mama analeta ungo wake, mchele mweupe hauna doa, anatia guniani anasema asanteni. Akafika kwa Binti Kisoma wangu. Akainama, akachungulia, akakunja pua.

"Bibi, samahani. Huu una chuya."

Chuya ni zile punje zilizoukwepa mchi. Wenzake wamevuliwa, yeye amebaki na ganda lake, kajichanganya na weupe kama mtu aliyeingia harusini bila kualikwa. Akina mama huzichagua moja moja wakazitupa kuku wakala. Lakini Binti Kisoma macho yake hayaoni vizuri, na miwani ameikataa, anasema miwani ni ya watu wanaotaka kuona yasiyowahusu. Basi mimi maisha yangu yote ya ndoa nimekula wali wenye miiba. Tonge la kwanza, chuya kwenye fizi. Tonge la pili, chuya chini ya ulimi. Nikilalamika anasema, "Hiyo ni ili ukumbuke kutafuna, babu wewe, usije ukameza na mkono."

Ungo wake ukarudishwa mbele za watu. Mke wangu aliupokea. Aliuweka kichwani akatembea mpaka nyumbani akiwa amenyooka kama mchi. Alipofika ndipo akasema, "Heshima yangu imerudishwa na ungo. Leo naupika wote. Tule, uishe, nisiuone tena." Akaenda kuchochea moto.

Gunia likapanda mlimani. Nami nikabaki nazunguka.

Sasa sikilizeni. Sijui ulikuwa mchana uleule au mchana wa jirani yake, kwetu haitofautiani sana. Namwona Sijaona anateremka mlima mbio, ngumi ameikunja, na nyuma yake Gaudensi, viatu mkononi.

"Babu! Mpunga uko wapi?"

"Si umeletewa huko juu, mke wangu?" Mimi Sijaona namwita mke wangu tangu anazaliwa, na bibi yake anamwita mke mwenza. Utani wetu.

Akafungua ngumi. Mchele. Mweupe, mzuri, umelala kiganjani mwake kama meno yaliyong'oka.

"Mmeutwanga," akasema.

"Si mlisema mchele?"

"Mimi nilisema mpunga, babu! Mimi nilimwambia mpunga!"

Tukamgeukia Gaudensi. Maskini alikuwa anahema, jasho linamtoka mpaka kwenye masikio. "Mzee wangu," akasema, "mimi nimekulia ghorofani. Kwetu unatoka dukani, kwenye mfuko. Shambani, dukani, sisi tunasema mchele tu. Sikujua kama ni vitu viwili."

"Si vitu viwili," nikamwambia. "Ni kitu kimoja."

"Sasa tatizo liko wapi?"

Ningemjibuje? Nendeni mkajaribu nyie.

Sijaona akakaa chini palepale vumbini. Akachukua punje moja akanionyesha kwenye ncha, pale panapobonyea kidogo. Akasema hapo ndipo kilipokaa kiini, yaani mtoto mwenyewe, kidoa tu, na ukitwanga kinatoka na pumba. Kinachobaki ni posho aliyowekewa mtoto na mama yake. Gunia lote lile tulilompelekea ni posho za watoto ambao hawapo.

"Hakuna nyumba iliyobakiza kibuyu?"

"Hakuna. Tuliwapenda mno."

"Na chuya? Waliochagua walitupa wapi?"

Tukageuka tukatazama kuku. Kuku wa Bonde walikuwa wamelala kivulini, wameshiba, vifua mbele kama waheshimiwa.

Sijaona akaanza kulia, mke wangu huyu aliyenizidi kila kitu isipokuwa miaka, akawa analia kama alivyolia alipong'oka jino la kwanza. Nikaweka ulimi mdomoni pale ninapouweka nikikosa la kusema, kwenye ufizi wa kulia, pana kidonda hapo hakiponi. Kidonda cha chuya. Basi ulimi ndio uliokumbuka. Mimi kichwa changu kilikuwa hakina habari.

"Binti Kisoma!" nikapiga kelele. Nikakimbia.

Kutoka pale mpaka kwangu ni karibu, ukiita unasikika. Siku hiyo njia ilijivuta. Nilikimbia na magoti ya uzeeni, katikati yakawa ya ujanani, nikampita mtu anakimbia upande wangu anakohoa kikohozi changu, nikamwambia shikamoo, akaniambia wewe kimbia. Moshi unatoka jikoni. Maji yanatokota, nayasikia. Nikaingia. Binti Kisoma ameinua ungo juu ya chungu, ameuinamisha, mchele unaanza kuteleza.

"Usitie!"

"Nani amekufa?"

"Bado! Usitie!"

"Wewe mzee, asubuhi yote unanizunguka njaa njaa, sasa natia unasema usitie. Hebu ondoka na siafu zako!"

"Bibi," Sijaona akasema mlangoni, amepiga magoti, "bibi yangu, nakuomba. Chuya zako."

Binti Kisoma akaganda. Alidhani amesimangwa tena. "Hata wewe, mke mwenzangu? Umeshuka mlima mzima kuja kunisema?"

"Nimekuja kuziomba. Ndizo peke yake zilizobaki zimevaa."

Hakuelewa upesi. Halafu akaelewa. Akauteremsha ungo polepole mpaka mapajani mwake, akauzungushia mikono kama mtu aliyepewa mtoto mchanga amshike.

Tukakaa tukachagua. Hata mimi nilikaa, shahidi Mungu. Siku zote mwanamke huchagua chuya akazitupa, akabakiza mchele. Siku hiyo tulisukuma mchele pembeni, tukaokota chuya. Gaudensi naye akawa anaokota, macho yake mazuri, kila akiipata anauliza, "Hii ndiyo mpunga?" na sisi tunamwambia, "Hiyo." Zilipokwisha hazikujaza kiganja. Zilikuwa za kahawia, ndogo, zina vijimkia, na ukizitazama ni kama zilikuwa zimekasirika.

"Semeni sasa," Binti Kisoma akasema. "Semeni miwani."

Ule mchele ukapikwa, ulikuwa haufai kwa lingine. Harufu ikatoka. Watu wakatoka nje wakasimama mlangoni kwao, hakuna aliyesogea, kila mtu ananusa anachokijua kwa mara ya mwisho. Tukala. Na kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, wali wa Binti Kisoma haukuwa na chuya hata moja, tonge likapita laini, nami nikautafuta mwiba wangu kwa ulimi, nikaukosa, machozi yakanitoka. Wakadhani pilipili.

Hapo kwenye sinia ndipo Sijaona akatuambia ukweli wake. Akasema chuya hizi tukizipanda peke yake, kimyanga kitazila kama kilivyokula mama zao. Lazima Nisubiri aolewe na Namba. Lakini tujue. Akataja neno, vinasaba. Mimi nikasikia vina saba. Nikangoja avitaje vyote saba. Akitaja kimoja nasema, "Bado sita."

"Sita za nini, babu?"

"Si umesema vina saba?"

Akacheka mpaka akapaliwa. "Nasaba, babu! Ukoo! Vile vitu vidogo ndani ya mbegu vinavyobeba ukoo." Halafu akaacha kucheka. "Harufu ya Nisubiri, babu, si kitu alichonacho. Ni kitu alichokosa. Mipunga mingine ndani yake ina kitu kinachozima harufu. Nisubiri chake kiliharibika zamani. Ndiyo maana ananukia."

"Kwa hiyo ni kilema tena?"

"Kilema kinachonukia. Sasa akizaa na Namba, mtoto atachukua kimoja kwa mama, kibovu, na kimoja kwa baba, kizima. Kile kizima kitazima. Mtoto hatanukia hata kidogo."

Binti Kisoma akaacha kula. "Sasa tunamwozea nini?"

"Hao watoto wakizaa wenyewe kwa wenyewe, bibi, katika wajukuu wanne mmoja atapata kibovu kwa mama na kibovu kwa baba. Huyo atanukia kama bibi yake. Na kwa ajili ya kimyanga, nitakuwa natafuta katika hao yupi ana nguvu ya babu yake."

"Na ataitwa nani?"

Sijaona akatazama sinia. "Kule juu wataupa namba."

"Basi sitoi." Akakifunga kiganja. "Jina lake likifa, mimi ninakupa nini? Bora afe nalo."

Mimi nikainuka, bila shaka. Nikaenda kwenye kinu nikarudi. Nikamwona mke wangu na kiganja kilichofungwa, nikamwona mjukuu na kiganja kilichofunguka, nikaona kumbe swali langu limekaa katikati yao linakula wali. Ukiziweka chuya hizi zikae vilevile, zitakuwa Nisubiri kamili mpaka siku zitakapokufa. Ukizitoa, kitakachorudi ni kitu kingine kinachonukia kama yeye. Nikakohoa tu. Khe, khe-khe.

Binti Kisoma akageuza shingo. Alinitazama kwa macho yale yasiyoona vizuri, akanitazama sana.

"Baba yako hakuwa na hicho kikohozi," akasema.

"Hakuwa nacho."

"Na hakuitwa Chitanda."

"Mtoto haitwi jina la mzazi. Unajua."

Halafu akamwambia Sijaona, "Huko juu mwiteni namba mnazotaka. Huku chini mtoto asiyenukia tutamwita Mama Nisubiri." Akafungua kiganja.

Ndivyo ilivyokuwa. Mama Nisubiri, kabla huyo Nisubiri wa kumzaa hajakuwepo.

Chuya zikaoteshwa kule Nyumba ya Baridi, zikachanua, nami nikapanda kuona ndoa. Kumbe ua la mpunga ni dogo kuliko kope, na ndani yake wamo bwana na bibi pamoja, wanaoana humohumo kabla hata dirisha halijafunguliwa. Mpunga ni mtu wa kujioa! Sijaona anakata ncha ya ua kwa mkasi, anawatoa mabwana na kibanio, mmoja mmoja, anawatupa, halafu anamfunika bibi na mfuko wa karatasi asubiri. "Anawahasi," nikamwambia Binti Kisoma niliporudi. Akasema, "Basi usimkaribie sana na ya kwako." Jua lilipopanda kidogo Sijaona akaleta suke la Namba, akalitikisa juu ya ua lile, vumbi la njano hafifu likaanguka. Hakuna ngoma, hakuna vigelegele. Nikapiga kigelegele mwenyewe, sauti ya kiume, ikatoka vibaya. Sijaona akasema, "Asante, mume wangu, lakini usipulize."

Tukapanda watoto wao. Kimyanga kikaja, kikapita juu yao kama mtu anayesoma mlango usio na jina, kikaendelea. Jaruba letu likasimama kijani. Nikajengewa dungu, kile kichanja cha kukaa juu kuwaamia ndege, na hiyo kazi ni yangu maana hainitaki nikae kimya. Napiga makelele, narusha udongo, nageuka huku, nageuka kule. Mpunga ukachanua. Nikavuta pumzi. Hakuna. Ukatoa maziwa, nikavuta. Hakuna. Ukaiva, nikafikicha punje mkononi, nikatia pua yote.

Hakuna kitu, jamani. Mvua tu.

Wapita njia wananiuliza, "Mzee Chitanda, mpunga gani huo unaulinda hivyo, hata haunukii?"

"Huyu ni Mama Nisubiri."

"Na Nisubiri mwenyewe yuko wapi?"

"Mjamzito haulizwi hivyo! Pita!"

Wanacheka wanapita. Nami mguu unawasha. Nashuka dungu, napanda dungu. Najua hesabu ya Sijaona, msimu huu ni wa watoto, ule wa wajukuu uko nyuma ya huu, na kati yangu na ule kuna mlango ambao sioni upande wake wa pili. Mchi unadunda mahali fulani. Unanikaribia, nasikia. Napapasa mkono wangu. Nataka kujua tu, kabla haujanifikia.

Na leo asubuhi, au asubuhi ya yule jirani yake leo, nimepanda ngazi ya dungu nikakuta kuna mtu amekaa. Yaani amekaa kweli, ametulia, miguu inaning'inia. Ni binti, sura ya Sijaona lakini si Sijaona, amezaliwa baada ya mambo mengi yajayo. Hakuniona. Jaruba mbele yake limeinamisha vichwa vyote kwa pamoja, na miche mingine ni mirefu na mingine mifupi, wamechanganyika kama watoto wa ukoo mmoja. Upepo ukatoka mtoni. Nikaona pua yake inacheza. Mimi sikusikia harufu yoyote, nasema kweli, pua yangu ilikuwa imebaki upande huu.

Akatupa bonge la udongo, ndege wakaruka. Kutoka chini kuna sauti ikamwita, "Chitanda!"

Sikugeuka. Aligeuka yeye. Akasafisha koo ili aitike, na kilichotoka kwanza kilikuwa khe, khe-khe.

Nikakaa.